Siku Komeo Alipofungua Lango

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Shuleni, kuanzia mwalimu mkuu hadi mtoto wa darasa la awali anayemung'unya maneno, wote walimwita Komeo, naye aliitika kwa fahari kama mtu aliyepandishwa cheo. Alikuwa mzee mrefu mwenye magoti yaliyoanza kumgomea, koti la kijani lililopauka mabegani, na kibanda cha bati kando ya lango la chuma. Ndani ya kibanda mlikuwa na stuli, redio iliyofungwa kwa mpira ili betri zisidondoke, na chupa ya chai ambayo mkewe aliijaza kila asubuhi huku akimwambia kwamba anajua fika lango lile ndilo mke mkubwa na yeye ni mke mdogo.

Kazi ya kufungua na kufunga lango inaonekana rahisi kwa mtu asiyeifanya. Mwalimu mkuu aliwahi kuleta kadi zenye picha, kila mzazi na yake, ili mtoto asitoke na mtu asiyejulikana. Komeo alizipokea kwa heshima zote, akazitundika kwenye msumari ukutani, na huko ndiko zilikozeekea. Kadi, alisema, hata mwizi anaweza kuiokota. Suti na gari na sauti nzuri hakuviamini pia. Aliyemwamini ni mtoto mwenyewe.

Mtu akija kumchukua mtoto kabla ya saa za kutoka, Komeo alimwita mtoto darasani, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, akanyamaza na kutazama. Mtoto akimkimbilia mgeni, au akimwamkia vizuri na kumpa mkono, basi huyo ni mtu wake, lango linafunguka. Mtoto akijikunyata na kujificha nyuma ya koti la kijani, lango halifunguki hata mgeni awe na cheo gani. Kwa njia hiyo aliwahi kumzuia mjomba wa mtoto mmoja, na baadaye ikajulikana kwamba mjomba yule alikuwa mlevi wa kutupwa na alishamsahau mtoto kituoni mara mbili. Walimu walimsifu. Wazazi walimletea sukari. Tangu hapo kichwa kilimvimba, na tusimlaumu sana, maana ni nani asiyependa kusifiwa kwa kazi ambayo watu huipita bila kuitazama?

Asubuhi ya siku hiyo alifika bibi mmoja mshonaji akiwa amemshika mkono mjukuu wake. Mtoto alikuwa wa darasa la pili, mdogo wa umbo kiasi kwamba walimu walimwita Nukta. Mama yake alikuwa ameshafariki. Nukta aliishi na baba yake, fundi wa friji, na mwisho wa juma alikwenda kwa bibi, mzaa mama. Siku za kazi aliletwa na baba, kwa hiyo kumwona bibi langoni halikuwa jambo la kawaida. Alimsindikiza mtoto kwa macho mpaka alipoingia darasani, kisha akabaki amesimama pale, anazungushazungusha kamba ya mkoba wake kidoleni.

"Babu, leo nitazamie sana huyu mjukuu wangu," akasema.

"Bibi, wewe nenda kashone," Komeo akamjibu. "Hapa hata inzi hatoki mpaka nimjue baba yake."

Bibi akacheka kidogo, kile kicheko cha kumridhisha mtu. Alikuwa na maneno mengine mdomoni. Lakini kando yao mzazi mwingine alikuwa ameinama anamfunga mwanawe kamba za viatu, na bibi alikuwa wa kizazi kinachoona haya kuanika aibu ya mkwe mbele za watu, hata kama aibu yenyewe inamnyima usingizi. Akayameza maneno yake. Akaaga na kuondoka haraka, akielekea upande usio wa nyumbani kwake wala wa cherehani yake, na Komeo akajimiminia chai.

Maneno aliyoyameza ni haya. Jumamosi iliyotangulia Nukta alikataa kuoga mlango ukiwa umefungwa. Akakataa kulala pazia likiwa limeshushwa. Bibi alimbembeleza mpaka mtoto akamnong'oneza kwamba akikosea, baba humwingiza kwenye friza bovu kule karakanani, akafunika, akaweka kitu kizito juu. Humtoa akishanyamaza kabisa. Mtoto alisema hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza ratiba ya shule.

Hakumrudisha kwa baba yake. Jumatatu alikwenda kwa afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke mfupi anayezungumza mbiombio, naye akamweleza hali ilivyo bila kumficha. Pale mtoto anapokuwa hatarini, hakimu anaweza kumsikiliza mlalamikaji peke yake na kutoa amri ya dharura siku hiyohiyo, mtoto akakaa kwa bibi mpaka baba aitwe naye asikilizwe. Lakini kabla ya amri, baba ni baba. Akimkuta mtoto popote anaweza kumchukua, na hakuna wa kumzuia kisheria. Kesho yake asubuhi ndiyo waliyopanga kwenda mahakamani. Bibi akafikiria mtoto akae wapi saa hizo za kungoja. Nyumbani kwake mlango ulikuwa wa ubao, baba angeupiga teke moja tu. Shuleni kulikuwa na lango la chuma na kulikuwa na Komeo, ambaye mji mzima unajua hamtoi mtoto kwa mtu anayemtisha. Akaamua shule.

Fundi wa friji alifika muda mfupi baada ya mapumziko. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na mikono yake ilikuwa safi kuliko ya mafundi wengi. Shuleni walimpenda. Aliwahi kulitengeneza friji la ofisi ya walimu bila kuchukua chochote, na Komeo mwenyewe ndiye aliyemsaidia kulisukuma kwa mkokoteni hadi karakanani kwake, wakanywa soda pamoja na kucheka.

"Mzee wangu, nimemfuata binti. Tuna miadi ya meno," alisema.

Komeo alikwenda kumwita. Nukta alitoka darasani mbiombio, mikono mitupu, akidhani labda bibi amerudi. Alipoona ni nani aliye langoni, mbio zikaisha. Komeo akarudi nyuma hatua zake kadhaa, akafunga mikono kifuani, akatazama.

Mtoto alimsogelea baba yake. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba," akasema, sauti safi, kila herufi mahali pake. Kisha, bila kuambiwa, akautia mkono wake ndani ya mkono wa baba.

Komeo aliridhika mno. Watoto wa siku hizi wanaamkia huku wanatazama pembeni, lakini huyu alilelewa. "Fundi, umelea," akamwambia, akavuta komeo, na lango likalia kwenye bawaba zake. Nukta aligeuka akamuaga babu kwa adabu ileile. Akatembea kando ya baba yake akiwa ametazama chini, na Komeo akajiambia kwamba hata kutazama chini ni adabu.

Chai ilikuwa haijapoa kwenye kikombe bibi alipotokea kwenye kona. Mwanamke wa umri ule hakimbii barabarani bila sababu, na huyu alikuwa anakimbia, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Nyuma yake lilifuata gari dogo jeupe, na ndani mlikuwa na afisa ustawi na askari mmoja mnene aliyeshika kofia mapajani. Bibi alifika langoni akiwa anahema, ameinua karatasi iliyo ndani ya mfuko wa nailoni.

Alikuwa na furaha. Hilo ndilo jambo ambalo Komeo hakuweza kulisahau baadaye, kwamba bibi alifika akiwa na furaha. Alianza kumweleza kwa pupa kwamba hakimu alimsikiliza vizuri na akatia sahihi mapema sana, ila karani mwenye muhuri alikuwa amekwenda kula na ufunguo wa droo mfukoni, nao wakakaa kwenye benchi wakitazama mlango, na amri isiyo na muhuri haina nguvu, lakini sasa imepigwa, hii hapa, mtoto ni wake mpaka kesi itakaposikilizwa. Basi Komeo amwitie mjukuu wake.

Komeo hakusogea.

"Ameshatoka," akasema.

"Katoka na nani?"

"Na baba yake. Bibi, mwenyewe alimwamkia vizuri. Alimpa mkono, mimi nilikuwa natazama."

Bibi aliishusha ile karatasi taratibu. "Anamwamkia kwa sababu anamwogopa," akasema. "Mtoto asiyekuogopa anakurukia shingoni."

Hakupiga kelele wala hakumlaani. Aligeuka akamweleza askari, pale barabarani, wazazi wengine wakisikia, yale yote aliyoona haya kuyasema asubuhi: friza, mfuniko, kitu kizito juu. Kila neno lilimpiga Komeo kifuani. Aliwaza ule mkono mdogo ulivyoingia wenyewe ndani ya mkono mkubwa, na sasa akauona vingine kabisa, mkono wa mtu anayejisalimisha ili asikamatwe.

Mwalimu mkuu alitoka ofisini, akaisoma amri, akaitazama saa yake. Akasema Komeo hana kosa. Wakati mtoto anatoka, shule ilikuwa haijapokea amri yoyote, na kisheria baba alikuwa na haki ya kumchukua. Afisa ustawi alikubali kwa kichwa. Walisema kweli wote wawili, na Komeo angependa mmoja wao amzabe kofi badala ya kumpa ile kweli. Alimkabidhi mwalimu mkuu ufunguo wa lango, jambo ambalo hajawahi kulifanya mchana wa siku ya masomo, akaingia kwenye gari bila kuulizwa. Karakana naijua, akasema. Hakuna aliyebishana naye.

Afisa ustawi aliendesha kama anavyozungumza. Askari alipiga simu ya fundi, ikaita mpaka ikakatika, akapiga tena, ikaita. Bibi alikaa nyuma kando ya Komeo, ameushika ule mfuko wa nailoni kwa mikono miwili. Kwenye taa za barabarani lori la mchanga lilisimama mbele yao, na taa nyekundu ikakataa kuwa kijani. Komeo alikuwa na swali ambalo hakuthubutu kulitoa. Alitaka kujua mtu mdogo kiasi kile anaweza kukaa muda gani ndani ya kitu kisichopitisha hewa. Alianza kuvuta pumzi yake mwenyewe na kuizuia ili apime, akashindwa mapema, akaogopa zaidi.

"Huenda kweli amempeleka kwa daktari wa meno," askari alisema, kwa nia njema.

Lori likaondoka.

Karakana ilikuwa kwenye mtaa wa mafundi, kati ya duka la vioo na muuza ndoo na mabeseni. Fundi alikuwa ameketi nje kwenye kreti ya soda, friji la mtu limegeuzwa mgongo mbele yake, anaunganisha bomba kwa moto. Alipowaona alizima moto, akasimama, akajifuta mikono kwenye kitambaa safi. Aliwakaribisha. Alimwamkia mama mkwe wake, akauliza hali ya mgongo wake. Afisa ustawi alimsomea amri kwa sauti ya wote kusikia, kwamba mtoto akabidhiwe kwa bibi yake mara moja, kwamba baba asimsogelee mpaka siku ya kusikilizwa, na kwamba afisa na askari wameruhusiwa kumtafuta mtoto popote anapoaminika kuwa. Fundi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akasema anaiheshimu mahakama. Kama ni mtoto, wangemkuta, lakini bahati mbaya amemtuma kwa shangazi yake, ng'ambo ya mji, kwa pikipiki.

"Na meno?" Komeo akauliza.

"Daktari hakuwepo, mzee wangu," fundi akasema, na akatabasamu.

Lilikuwa tabasamu lilelile la langoni, lilelile la siku waliyokunywa soda pamoja. Askari alitoa kalamu aanze kuandika jina la shangazi na mahali anapokaa. Alikuwa mtu wa utaratibu, na si ubaya, ila utaratibu una mwendo wake. Bibi aliteremka chini polepole mpaka akaketi kwenye vumbi, kama mzigo uliokatwa kamba. Komeo akawapita wote, akasukuma pazia la turubai, akaingia.

Nyuma ya turubai kulikuwa na ua mrefu uliofunikwa bati, na pale ndipo friji za mji mzima zilipokuja kufia. Zilisimama safu kwa safu, nyeupe, za kijivu, zenye kutu, nyingine hazina milango, nyingine zimelaliana. Joto lilikuwa limetuama humo, na harufu ya gesi na mafuta. Komeo alijaribu kuita. "Nukta!" Sauti yake ilitoka nyembamba. Akaita tena. Hakikusikika kitu ila bati likilialia kwa jua.

Akaanza kufungua. Mlango wa kwanza ulitoa misumari iliyomwagika miguuni pake. Wa pili ulikuwa na magazeti. Wa tatu ulikwama, akauvuta kwa nguvu zote, ukang'oka ukamwangukia kifuani, na ndani hamkuwa na kitu. Kila mara alipoweka mkono kwenye mpini alikuwa anasali amkute mtoto, na papo hapo anasali asimkute, kwa kuwa hakujua atamkuta katika hali gani. Panya aliruka kutoka kwenye friji moja, na mzee akajikuta anamwomba radhi. Alikuwa analia bila kujijua. Aliita, akanyamaza ili asikie, akaita. Kimya. Akaanza kuamini kwamba shangazi yupo kweli, na akataka sana kuamini hivyo, na huku mikono ikiendelea kufungua.

Afisa ustawi aliingia, akaanza safu ya upande wa pili, bila neno hata moja, yeye msemaji. Ndiye aliyeliona. Mwisho kabisa wa ua, nyuma ya rundo la maboksi, kulikuwa na friza la kulaza, refu, jeupe, na juu ya mfuniko wake palikuwa na kompresa mbili, zile mota nzito za friji, zilizopangwa kwa uangalifu, moja kila mwisho. Ua mzima ulikuwa na vumbi. Zile kompresa zilikuwa na alama mbichi za vidole.

Walizisukuma pamoja. Moja ikaanguka ikapasua sakafu. Komeo akashika mfuniko, na mkono wake ukagundua kwamba pembeni hapakuwa na mpira. Ulikuwa umebanduliwa kuzunguka friza lote, kazi safi ya fundi, ili pumzi ipite kidogo. Kwa hiyo alikuwa amefikiria. Alikuwa ameketi siku moja na bisibisi yake na kupima ni hewa kiasi gani itamtosha mwanawe. Komeo hajawahi kuogopa mtu kama alivyomwogopa yule mtu wakati huo, ingawa alikuwa nje, mikono yake safi, chini ya ulinzi wa askari.

Akainua mfuniko.

Nukta alikuwa ameketi, magoti kifuani, kidevu juu ya magoti. Sare ilikuwa imelowa jasho tepetepe. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa hai, na alikuwa amesikia jina lake likiitwa muda wote ule.

"Mama, mbona hukuitika?" afisa ustawi akamuuliza kwa upole, amemwinamia.

"Baba alisema nikisema kitu saa zinaanza upya."

Afisa alimwambia kwamba imekwisha, atoke. Mtoto hakutoka. Alimtazama, akamtazama Komeo, kisha akatazama nyuma yao, kwenye turubai, akingoja. Afisa alimwonyesha karatasi, akamweleza kwamba hakimu, mtu mkubwa kuliko baba, amesema anaruhusiwa kutoka na kwenda kwa bibi. Nukta aliisikiliza amri yote kwa heshima. Kisha akatikisa kichwa.

"Mpaka baba aseme mwenyewe," akasema.

Wakatazamana, wale watu wazima wawili. Ilikuwa rahisi kumwita yule mtu aje aseme neno moja. Afisa alifungua mdomo, akaufunga, akasema hapana, huyo hatasogea hapa. Akamwambia Komeo amtoe mtoto kwa mlango wa nyuma, asimpitishe mbele ya baba yake, yeye ataleta bibi na gari upande ule. Akaondoka mbio.

Komeo alivua koti lake. Alipiga magoti, yale magoti yake mabovu, akaingiza mikono yote miwili, akamshika mtoto kwapani. Na hapo ndipo Nukta alipopata sauti. Alishika ukingo wa friza kwa vidole vyote. Alimwomba babu amwache. Alimwomba kwa adabu kwanza, tafadhali babu, tafadhali, kisha adabu ikaisha na ikabaki hofu tupu. "Niache! Sijamaliza! Atanirudisha!" Ilimbidi mzee abandue vidole vile kimoja kimoja, naye ni mtu ambaye hajawahi kumtia mtoto yeyote mkono kwa nguvu. Alimng'oa. Hakuna neno jingine la kusema alichokifanya. Mtoto alimpiga mateke tumboni, akamuuma begani, akapiga ukelele uliogonga bati zote za ule ua, na Komeo akaenda naye hivyohivyo, akijigonga kwenye milango ya friji aliyoiacha wazi, akasukuma mlango wa nyuma kwa mgongo, akajikuta juani.

Kulikuwa na uchochoro, halafu mtaa wenye watu. Gari lilikuwa halijafika. Watu walisimama. Walichokiona ni mzee asiye na koti, shati limechanika, ana damu begani, amembeba mtoto wa kike anayelia kwamba aachwe. Yule mama muuza ndoo alikuwa wa kwanza. Alitupa beseni alilokuwa akilipanga, akavuka mtaa, akamkamata Komeo ukosi wa shati, mkono mzito kweli.

"We mzee, simama. Unampeleka wapi huyu mtoto?"

Komeo alisimama. Lilikuwa swali dogo mno. Hakumuuliza fundi swali hilo asubuhi ile, wala daktari gani, wala saa ngapi watarudi, wala mbona mtoto hana mkoba. Alikuwa amesimama hatua kadhaa nyuma, mikono kifuani, anasifu malezi.

"Kwa bibi yake," akasema.

"Nani kasema?"

"Hakimu. Karatasi inakuja."

"Basi hutatoka hapa mpaka nione hiyo karatasi," mama wa ndoo akasema, na wengine wakajipanga kumzunguka. Mwanamume mmoja akaongeza kwamba wazee wa siku hizi ndio wa kuogopa zaidi. Nukta alikuwa bado anapiga kelele, na kila ukelele uliwasogeza watu hatua moja.

Komeo hakujitetea. Hakusema kwamba yeye ni Komeo wa shule, mtu ambaye mji mzima unamjua. "Usiniachie," alimwambia yule mama. "Shika hivyohivyo."

Mama wa ndoo alimtazama, wala hakulegeza. Wakangoja hivyo, mzee na mtoto na mkono ule mzito, mpaka gari jeupe likatokea kwenye kona na bibi akashuka kabla halijasimama. Afisa ustawi alitoa karatasi. Mama wa ndoo aliipokea kwa mkono mmoja, akaisoma kuanzia juu polepole, mistari yote, na muhuri, huku mkono wa pili ukiwa bado kwenye ukosi. Alipomaliza ndipo alipoachia.